Siku Moja ya Gede

Wenye kuandaa mikutano katika mahoteli ya Mombasa, wakiisha kuwakalisha wageni wao siku mbili tatu mbele ya makaratasi, aghalabu huwaahidi siku moja ya matembezi, na katika siku hiyo hutaka kukusanya Ngome ya Yesu, Mji wa Kale, magofu ya Gede na nguzo ya Vasco da Gama iliyoko Malindi, kana kwamba athari za kale ni mizigo ya kuhesabiwa bandarini kabla jua halijatua. Ratiba hiyo haifai. Ngome, ambayo ujenzi wake ulianza 1593, imo mjini humo humo, na mjumbe aweza kuizuru alasiri yoyote kikao kikiahirishwa. Safari ya siku nzima ni haki ya Gede peke yake.

Gede ni kadiri ya kilomita 100 kaskazini ya Mombasa, na msongamano wa Mtwapa haumjali mtu kwa cheo chake. Basi likiondoka saa kumi na mbili asubuhi, wageni hufika jua lingali pole. Likingoja staftahi ya raha, hushuka adhuhuri, jasho likiwatoka, na maneno ya kiongozi huwapita.

Ama ufundi wenyewe uko ndani ya magofu. Mwanzo uwe lile kaburi lenye tarehe, lililoandikwa 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, kwani mgeni asiyejua zama hataona ila mawe na miti. Kisha aonyeshwe Msikiti Mkuu na kisima kilicho nje yake, ambacho dalili zake zaonyesha kuwa kiliongezwa kina, na hapo aelezwe kwamba upungufu wa maji umehesabiwa miongoni mwa sababu za mji kuhamwa katika karne ya 17, pamoja na hofu ya mashambulio.

Kutoka hapo aingizwe katika kasri ya mji, na baada ya kasri zafuata nyumba, na hapa kiongozi amerahisishiwa kazi tangu zamani. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, aliziita nyumba kwa vitu alivyovifukua humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Fedha ya Kichina. Kiongozi hodari hahitaji hotuba. Husimama mlangoni, akataja kitu, akauliza fedha ya Uchina ilifikaje katika mji usiokuwa hata ufukweni. Wageni wakianza kubishana wao kwa wao, kazi imekwisha nusu.

Lakini mabishano hayo hayawezekani watu arubaini wakimfuata mtu mmoja, madhali njia ni nyembamba na kuta na miti humeza sauti. Kumi na watano watosha. Wengine watangulie kwenye jumba la makumbusho kutazama vilivyofukuliwa, kisha wabadilishane. Chakula kisifunguliwe chini ya miti, maana kima wa Gede hawana adabu ya karamu, na wajumbe wenye kusali watengewe nafasi ya adhuhuri kabla ya kurejea.

UNESCO imekwisha kuiandika Gede katika urathi wa dunia mwaka 2024, na wageni watazidi. Basi enyi waandaaji, ifuteni Malindi katika ratiba, na akiba yake mumlipe kiongozi wa pili.