Bahari Iliyopakwa Rangi

Fungua atlasi ya eGEOTRACES kwenye simu, kama una bando za kutosha, na bahari itaanza kuzunguka mbele yako. Maji yenyewe huyaoni. Unachoona ni mapazia makubwa, yenye urefu wa kina cha bahari, yametundikwa kila mahali meli ya utafiti ilipopita. Kila pazia lina rangi zake: nyekundu pale metali fulani ilipo nyingi, zambarau pale ilipo haba. Chuma, zinki, shaba, risasi. Ni vitu vilivyomo baharini kwa uchache wa kuchekesha, lakini bila chuma, kwa mfano, vijimea vidogo vinavyoelea juu ya maji haviwezi kukua, na bila hivyo vijimea sahau samaki.

Atlasi hii ni kazi ya Reiner Schlitzer wa Taasisi ya Alfred Wegener, Ujerumani. Data imetoka kwa mradi wa GEOTRACES, wenye wanasayansi wa nchi zipatazo 35, ambao safari zake kuu za kupima bahari zilianza rasmi 2010. Wenyewe wanaitumia kama chombo cha kazi. Mimi nimeisoma kama kitabu, kwa sababu inasimulia, inachagua, inanyamaza, na inapendeza mpaka unasahau kuuliza maswali.

Na kusema kweli inapendeza. Tafuta pazia linaloitwa GP16, safari ya 2013 kutoka Peru hadi Tahiti. Chini kabisa, kwenye safu ya milima iliyo sakafuni mwa Pasifiki, kuna mabomba ya asili yanayotema maji moto yenye madini. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba chuma kinachotoka humo huganda na kuzama papo hapo, hakifiki mbali. Sasa angalia picha: ulimi mwekundu unaanzia pale mlimani na kuelekea magharibi, kilomita baada ya kilomita, zaidi ya 4,000. Hakuna maelezo marefu, hakuna mtu anayekupigia kelele kwamba hili ni jambo kubwa. Ulimi uko pale tu. Kuna riwaya za kurasa mia nne ambazo hazijawahi kunishtua hivyo.

Lakini kuna sehemu tamu zaidi ya hadithi ambayo picha imeimeza. Meli ni ya chuma. Nyaya za winchi ni za chuma. Kutu iko kila pembe, na vumbi pia. Sasa wewe unataka kupima chuma ndani ya maji ambayo karibu hayana chuma. Kabla ya miaka ya 1970 kwisha, vipimo vingi vya metali za baharini vilikuwa upuuzi mtupu: watu walikuwa wanapima meli yao wenyewe. Clair Patterson, yule Mmarekani aliyekokotoa umri wa dunia kwa kutumia risasi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kung'amua kwamba uchafu umo mikononi mwa mpimaji, kwenye chupa zake, kwenye hewa ya maabara. Ndiyo maana leo wanateremsha chupa kwa kamba ya nyuzi za plastiki ngumu, wanafungua sampuli ndani ya vyumba vyenye hewa iliyochujwa, na mataifa tofauti yanapima maji ya sehemu moja ili kuona kama majibu yanalingana. Huo wasiwasi wote, hiyo tabia ya kujishuku kwanza, ndiyo roho ya mradi mzima. Ukitazama pazia huioni. Kati ya kituo kimoja na kingine, pale ambapo hakuna chupa iliyoteremshwa, kompyuta imekadiria na kupaka, na rangi ya makadirio inang'aa sawasawa na rangi ya kipimo.

Hapo ndipo ninapogombana na atlasi hii, na sababu iko kwenye bahari yetu. Mwaka 2009 hadi 2010 meli ya Japani, Hakuho Maru, ilipita Bahari ya Hindi kwenye mstari unaoitwa GI04. Utafiti uliotolewa 2014 kutokana na safari hiyo uliangalia risasi. Kaskazini ya digrii 20 Kusini, maji ya juu yalikuwa na risasi kati ya pikomoli 42 na 82 kwa kila kilo. Maji ya vilindini yalikuwa na 1.5 hadi 3.3 tu. Namba hizi ni ndogo kiasi gani? Pikomoli 50 kwa kilo ni kama kudondosha chubwi ndogo ya mshipi, ya gramu kumi hivi, kwenye tani milioni moja za maji. Ni kidogo sana, lakini tofauti kati ya juu na chini ndiyo habari yenyewe. Risasi iliyo juu imeshuka kutoka hewani, na hewani iliwekwa na watu: magari, viwanda, makaa ya mawe.

Petroli yenye risasi tunaijua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na kampeni ya dunia nzima iliongozwa na UNEP kutoka hapa Gigiri mpaka Algeria, nchi ya mwisho, ilipoacha 2021. Yaani matatu za miaka ya tisini hazikuwa zikimwaga muziki peke yake. Na upepo wa kaskazi, uleule ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na India, unaleta pia hewa ya huko.

Kwa hiyo nilitaka kuona Mombasa. Mstari wa GI04 ulipopita kwenye latitudo zetu ulikuwa karibu na digrii 70 Mashariki, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Likoni. Huku magharibi, uharamia wa Somalia uliwafukuza wapimaji kwa miaka mingi. Kuna mstari wa mpango mwingine, I07N, uliopimwa 1995, na ukakaa hivyo hivyo mpaka meli ya NOAA, Ronald H. Brown, ikarudi 2018. Nani angelaumu nahodha? Lakini atlasi haisemi hivyo. Pengo halina rangi, halina maandishi, halina hata kivuli. Ni buluu tupu ya ramani, na jicho linaisoma kama mahali ambapo hakuna kilichotokea.

Data yenyewe ni nyenyekevu kuliko picha. Matoleo ya 2014, 2017 na 2021 yote yalipewa jina la kiofisi linalokiri kwamba ni ya muda tu, na kila kipimo kimebandikwa alama ya kuonyesha kinaaminika kiasi gani. Mchoraji angeweza kuiga adabu hiyo: rangi ifififie kadiri unavyotoka kwenye kituo, pengo lipewe rangi ya kijivu na sababu yake iandikwe. Si kazi ngumu kwa mtu aliyeweza kufanya bahari izunguke.

Ukiingia, anza na risasi kwenye Bahari ya Hindi. Subiri picha izunguke mpaka Afrika ije mbele, kisha uhesabu vidole vingapi vya skrini viko kati ya pazia na Lamu.