Mbaazi Kati ya Matuta

Ukitaja Machakos mbele ya mtaalamu wa udongo, atakusimulia habari za matuta ya fanya juu. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, aliielezea Ukambani, ilimo Machakos, kama nchi inayoangamia. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kinyume: watu wa wilaya ya Machakos, Makueni ikiwemo, walikuwa wameongezeka kutoka takribani 240,000 mwaka 1932 hadi kama milioni 1.4 mwaka 1990, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Sifa nyingi ziliyaendea matuta yaliyochimbwa na vikundi vya kazi ya pamoja vya mwethya, na yalizistahili.

Ila tuta kazi yake ni kuyazuia maji yasikimbie. Kuyaingiza ardhini ni kazi nyingine. Udongo mwekundu wa vilimani, ukichoka, hubaki na mboji haba na chembe zake hazishikani. Mvua za Oktoba huukuta mtupu. Matone huvunja mabonge, vumbi laini huziba vinyweleo, na jua likirudi juu pameganda utando mgumu kama sahani. Mvua inayofuata hutuama. Mkulima huona dimbwi akadhani shamba limeshiba, kumbe kina cha jembe moja chini ni pakavu.

Dawa ni majani ya kuyapokea matone na mizizi ya kutoboa. Ukambani kazi hiyo hufanywa na mbaazi, tena bila kelele. Hupandwa pamoja na mahindi mwanzoni mwa mvua za vuli, na kwa kuwa hukua polepole miezi ya mwanzo, haigombanii maji. Mahindi yakishavunwa, ndipo inapotanuka. Aina za kienyeji hukaa shambani hadi Julai au Agosti zikipukutisha majani, na mzizi mkuu hushuka zaidi ya mita moja. Mzizi huo ukioza, huacha mrija wa kupitisha maji ya msimu ujao. Kunde na ndengu hufunika ardhi upesi zaidi, lakini pia huondoka mapema. Njahi hutambaa vizuri sana, ila ikipandwa siku moja na mahindi huyaparamia. Bora isubiri palizi ya kwanza. Mucuna, ndugu wa upupu, hutoa majani tele, ila punje zake haziliki hivi hivi, na mwenye ekari mbili hawezi kuutoa msimu wake kwa kitu kisichofika sufuriani. Simlaumu.

Mazao haya husifiwa mno kwa naitrojeni. Kwa Machakos ningeanza na maji. Kata mkebe mtupu pande zote mbili, uusukume kwenye ardhi tupu vidole viwili, mimina kikombe cha maji, hesabu muda. Rudia kando ya shina la mbaazi. Tofauti ya muda ndiyo faida, na kila mtu ataiona bila maabara.

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa tambarare za Athi River na Konza, hesabu hubadilika. Huo hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba unaponyeshewa, na mizizi peke yake haiwezi kuukausha. Kwanza mkulima ainue matuta mapana yenye mifereji kati yake, kisha apande juu yake. Mimea itayanyonya maji yaliyobaki na kuongeza mboji, basi.

Kinachoharibu mpango mara nyingi huja baada ya mavuno. Majani makavu huliwa na mchwa, na mifugo ya jirani humaliza yaliyosalia, maana desturi ya kuiachia mifugo mashamba yaliyovunwa ni ya zamani. Ndiyo sababu naiamini mbaazi iliyo hai kuliko matandazo makavu, ingawa nayo mbuzi huipenda na haina budi kulindwa. Na siku ya kuiondoa, ikatwe kwa panga usawa wa ardhi, ising'olewe. Shina liende jikoni kama kuni, maganda wapewe mbuzi, mizizi ibaki pale pale.