Bwana Mifugo na Mbwa Mchanga

Masika wilayani Kyela, Tanzania, mito hufurika na njia za vijijini hugeuka tope. Bwana mifugo hufika vilevile, boksi la barafu limefungwa nyuma ya pikipiki, maana chanjo ya kichaa cha mbwa hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8.

Mara nyingi watoto ndio huleta mbwa, wamewafunga kamba. Kazi ngumu huanzia hapo. Mbwa mchanga asiyewahi kushikwa na mgeni hutetemeka, mkia kaubana miguuni. Mtaalamu hamrukii. Huchuchumaa ubavuni, bila kumkazia macho, akamwacha mtoto aliyemzoea ampakate. Sindano huingia chini ya ngozi kabla hajagutuka.

Upole huo una hesabu yake. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi za umri wake mbwa hujifunza nani wa kuogopwa. Aliyeumizwa leo mwakani hakamatiki, na kijiji hakikingiki mpaka mbwa 7 katika kila 10 wachanjwe.

Mwenye mbwa huelekezwa pia: ambebe mikononi aone watu, pikipiki na ng'ombe, ila asimwache azurure na mbwa wasiojulikana hadi chanjo zikamilike. Dalili za kichaa zikishatokea, kwa mtu au mbwa, karibu kila mara ni kifo.

Jioni kadi ya mwisho ya chanjo huandikwa, na pikipiki huwashwa kuelekea Ipinda.