Kutaja Asili katika Mafunzo ya Programu

Katika misitu ya miyombo ya Mpanda, mkoani Katavi, mizinga ya nyuki hutundikwa mitini mbali na makazi ya watu. Hapana ukuta wala mlinzi. Lakini arinaye asali ya mzinga wa mwenzake ni mwizi, hata kama ameichuja na kuitia chupani kwa mikono yake mwenyewe. Kipimo hiki chafaa kuhukumia fani changa ya uandishi wa Kiswahili, yaani mafunzo ya programu za kompyuta.

Wako waandishi watwaao somo la Kiingereza, wakaligeuza Kiswahili, wakaandika majina yao juu yake. Hujitetea kwamba maneno ni yao. Utetezi huo ni dhaifu. Amri za lugha ya programu si mali ya mtu, kama sarufi isivyo mali ya mtu. Bali mpango wa somo, mifano na maelezo ni jasho la aliyeyatunga. Julius Nyerere alipotoa tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, alijitaja kuwa mfasiri, na heshima yake haikupungua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo huiweka tafsiri katika haki za mtunzi, na huruhusu kunukuu kwa sharti la kutaja asili na jina lake.

Wengine husema programu huria hazina mwenyewe. Sivyo. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa juhudi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikiri asili yake katika jina lake lenyewe. Leseni huria hutoa ruhusa ya kunakili. Haitoi ruhusa ya kufuta jina la mtunzi.

Hata hivyo, adhulumiwaye zaidi ni msomaji. Programu hubadilika toleo kwa toleo. Mwanafunzi wa Mpanda akifuata somo lisilotaja asili wala toleo, na amri ikakataa, hajui kama kosa ni lake, ni la mfasiri, au ni la wakati. Angalionyeshwa asili, angalirudi huko akapata sahihisho. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Mwandishi afichaye asili humwonjesha msomaji asali mara moja, kisha humfungia njia ya nyuki. Jina la mtunzi, jina la kazi, toleo lake, na mahali palipobadilishwa: mistari miwili yatosha kulipa deni hilo.