Zipu Inayopanda Hadi Utosini

Hudi nyingi zinazosifiwa kuwa za kipekee ni hudi za kawaida zilizopakwa rangi. Joka mgongoni, maandishi ya kung'aa kifuani, madoadoa mikononi: ufute mchoro, utabaki na vipande vilevile, mishono ileile na mfuko uleule wa tumboni. Hudi ya papa ya BAPE haiko hivyo. Iondolee zipu, na papa hayupo.

Mbunifu wa Kijapani Nigo alianzisha A Bathing Ape, ambayo kwa kifupi ndiyo BAPE, huko Harajuku, Tokyo, mwaka 1993, na hudi ya papa ikatoka mwaka 2004. Mdomo ule wenye meno wazi unajulikana tangu Vita Kuu ya Pili, ulipochorwa kwenye pua za ndege za P-40 ambazo marubani wa Kimarekani wa kikosi cha Flying Tigers walizirusha China. Kwa hiyo mchoro wenyewe haukuwa mpya hata kidogo. Upya ulikuwa katika kuipandisha zipu kutoka kiunoni, ikapita kifua na kidevu, ikaenda kuishia juu ya kofia, kisha uso wa papa ukapasuliwa katikati: jicho na nusu ya meno upande huu, jicho na nusu ya meno upande ule. Zipu ikiwa wazi, unaona kofia yenye michoro pembeni. Ikifungwa yote, meno yanakutana na mvaaji anatoweka.

Ukiisikia, kazi hiyo inaonekana nyepesi. Kaa kwenye cherehani uone. Kofia ya hudi ya kawaida ina vipande viwili, kulia na kushoto, vinavyounganishwa kwa mshono mmoja kutoka juu ya paji la uso hadi kisogoni. Ukingo wa mbele unapindwa ili upitishe kamba, na mambo yamekwisha. Ukingo huo hukatwa kwa kuliacha shavu wazi, kwa sababu hakuna anayetarajia ufike puani. Ukishona zipu kwenye kofia iliyokatwa hivyo, itafunga, lakini itaikandamiza pua na kuivuta shingo kwa nyuma. Lazima kipande kiongezwe kwa mbele, kipewe tumbo kuanzia kidevuni hadi usawa wa macho, ndipo kingo mbili zikutane mbele ya uso na kuacha nafasi ya kupumua.

Halafu kuna ugomvi wa zipu na kitambaa. Kitambaa cha hudi kimefumwa kwa vitanzi, kwa hiyo kinavutika. Utepe wa zipu hauvutiki. Fundi akikivuta kitambaa kidogo tu wakati sindano inatembea, zipu inatoka na mawimbi ambayo pasi haiwezi kuyanyoosha. Kwenye kifua wimbi dogo linavumilika. Kwenye uso wa papa, wimbi hilohilo linaipeleka nusu moja ya meno juu kuliko nyenzake, na milimita 3 zinatosha kuufanya mdomo uonekane umepooza. Dawa yake ni kuutuliza ukingo kabla ya kushona, kwa kubandika kwa pasi ukanda mwembamba wa kitambaa kisichovutika, na kutia alama za kukutania pande zote mbili: kidevuni, kwenye ncha ya kila jino kubwa, utosini. Na michoro iwekwe kwenye vipande vikiwa bado bapa mezani. Kofia ikishaungwa inakuwa na mviringo, na mchoro hauwezi tena kukaa sawa juu yake.

Mahali ninapoipenda zaidi nguo hii ni pale zipu inapokutana na mshono wa kati wa kofia. Hapo zinarundikana tabaka za kitambaa, utepe wa zipu na kizuizi chake cha mwisho, zote kwenye eneo lisilozidi ukubwa wa kucha ya dole gumba. Mshono ukiwa mbaya hapo, nundu inaonekana kutoka mbali, tena katikati ya kichwa.

Ila papa huyu ana kasoro moja kubwa. Macho yake ni ya mapambo, na aliyejifunika hadi juu haoni anakokwenda. Miaka 16 kabla yake, Massimo Osti, mbunifu wa Bologna, Italia, alikuwa ameshalijibu swali hilo kwenye koti la C.P. Company la mwaka 1988, lililotengenezwa kwa ajili ya mbio za magari ya kale za Mille Miglia. Alipachika lenzi mbili za duara kwenye kofia yenyewe, na nyingine ndogo kwenye mkono wa kushoto ili dereva asome saa bila kupandisha nguo. Baadaye kampuni hiyo ilizihamishia lenzi kwenye hudi, na hapo ugumu ukaongezeka, kwa kuwa tundu katika kitambaa cha kufuma hutanuka na vitanzi vyake hufumuka. Ni lazima ukingo wa tundu uimarishwe pande zote kabla lenzi haijaingia, la sivyo uzito wake utaiburuta kofia.

Lakini ukiniuliza hudi ya ajabu kuliko zote, nitakuonyesha isiyo na mchoro kabisa: Reverse Weave ya Champion, kampuni iliyozaliwa Rochester, New York, mwaka 1919. Sweta za wanamichezo zilikuwa zikifuliwa zinarudi, hasa kwa urefu, kwa sababu vitanzi vilivyovutwa kiwandani hulegea vikiingia majini na kujikunja kwenye umbo lake la asili. Champion waliligeuza jora. Walikata mwili wa sweta kwa kulaza kitambaa, ule upande unaorudi sana ukizunguka kiwiliwili badala ya kushuka chini. Walisajili hataza mwaka 1938, na nyingine mwaka 1952.

Ukiipata kwenye mtumba, katika soko la Gikomba au la Karume, isogeze karibu na macho. Kwenye sweta ya kawaida, vijistari vya vitanzi vinashuka kutoka begani kwenda kiunoni. Kwenye hii vimelala, vinakwenda kutoka ubavu hadi ubavu. Kisha tazama chini ya kwapa: kuna kipande kirefu cha kitambaa cha mbavu-mbavu, kama kile cha mikononi na kiunoni, kinachoshuka hadi chini. Wengi hudhani ni urembo. Kitambaa kikilazwa, kule kuvutika kwake kwingi kunahamia kwenye urefu, na kifua kinabaki bila nafasi ya kupanuka, tena ndicho sasa kinachorudi nguo ikifuliwa. Kipande hicho cha ubavuni ndicho kinachorudisha upana uliopotea, mwanamichezo aweze kuinua mikono na kuvuta pumzi.