Istilahi za Michezo ya Shabaha: Nafsi ya Kwanza au Machoni?

Neno gemu limekwisha kuingia katika Kiswahili, wala hatuna nia ya kulifukuza. Limetoholewa vizuri, linatamkika, na watoto wa Dar es Salaam na wa Mombasa wanalitumia bila kujiuliza limetoka wapi. Ila neno hilo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mpira wa miguu unaochezwa kwenye kioo ni gemu. Kupanga matofali yanayoanguka ni gemu. Na kupita katika ukumbi wenye giza, bunduki mkononi, ukiua kila kinachojitokeza mbele yako, hiyo nayo ni gemu. Mzazi akimwuliza mwanawe anacheza nini, jibu analopata ni kweli lakini halimfahamishi kitu. Mwalimu, mtungaji wa sheria na mfasiri wako katika shida hiyo hiyo. Kwa hiyo tunakusudia kulichungua tawi moja tu la michezo ya kompyuta, nalo ni lile ambalo mchezaji huuona ulimwengu wa mchezo kwa macho ya mhusika mwenye silaha, asiuone mwili wake isipokuwa mkono na bunduki. Waingereza na Wamarekani wamelipa tawi hilo jina lenye sehemu mbili: nafsi ya kwanza, na mfyatuaji.

Tafsiri zinazozunguka siku hizi, nyingi zikiwa kazi ya mashine, zimelifuata jina hilo neno kwa neno. Iko "mpiga risasi wa mtu wa kwanza", na iko "ufyatuaji wa nafsi ya kwanza". Ya kwanza haihitaji hoja ndefu. Kwa wengi wetu mtu wa kwanza ni Adamu, na kwa namna maneno yalivyounganishwa, ama mpiga risasi ni mali yake, ama yeye ndiye anayepigwa. Ya pili inaonekana kuwa na adabu zaidi, maana nafsi ya kwanza ni istilahi inayokubalika katika sarufi tangu zamani. Hata hivyo, neno nafsi lilikuwa na kazi nyingine kabla wanasarufi hawajaliazima. Nafsi ni roho, ni uhai wa mtu. Kuua nafsi ni dhambi inayotajwa misikitini na makanisani. Msomaji asiyejua Kiingereza akikutana na "ufyatuaji wa nafsi ya kwanza" atafahamu kwamba kuna nafsi kadhaa zimepangwa, na kwamba iliyoanza kufyatuliwa ni ile ya mbele. Istilahi inayomtaka msomaji ajue kwanza lugha ya kigeni ndipo aielewe haijatimiza kazi yake.

Kabla ya kutafuta neno jingine hapana budi tuitazame michezo yenyewe, kwani historia yake inaonyesha kwamba hata wenyewe hawakuanza na jina walilo nalo sasa. Mnamo 1973 na 1974, katika kituo cha utafiti cha NASA Ames huko California, vijana watatu, Steve Colley, Greg Thompson na Howard Palmer, walitengeneza mchezo wa kutangatanga katika vichochoro vilivyochorwa kwa mistari mitupu juu ya kioo cha kompyuta ya Imlac. Kisha waliunganisha kompyuta mbili kwa waya, wachezaji wakawa wanaviziana na kupigana. Mchezo huo uliitwa Maze War. Katika toleo lililotengenezwa baadaye kwa ajili ya kompyuta za Alto za kampuni ya Xerox, mchezaji aliyekutana na mwenzake kichochoroni hakuona mtu wala askari, bali jicho kubwa lililoning'inia hewani. Waundaji hao hawakuwa wakishughulika na istilahi, lakini mchoro wao ulitangulia kusema jambo ambalo jina la baadaye lililificha: mchezaji, katika mchezo wa namna hii, ni jicho lililowekwa mahali fulani.

Mwaka 1980 kampuni ya Atari ilitoa Battlezone, ambamo mchezaji aliegemeza uso kwenye kitundu cha kuchungulia, mfano wa dereva wa kifaru. Jeshi la Marekani lilivutiwa nao, likaomba utengenezwe toleo la kuwafundishia walenga shabaha wa magari yake ya deraya. Baada ya hapo kukawa na kimya cha namna fulani, mpaka vijana wa id Software huko Texas walipotoa Wolfenstein 3D mwezi Mei 1992 na Doom tarehe 10 Desemba 1993. Hapa yatupasa tukae kidogo.

John Carmack, aliyetunga programu za michezo hiyo miwili, alikuwa na kompyuta dhaifu za nyumbani za kuzifanyia kazi. Katika Wolfenstein 3D kompyuta haikuuchora ulimwengu wote. Ilituma mwale kutoka jichoni mwa mhusika kwa kila mstari wa wima wa kioo, ikapima umbali wa ukuta ulipogongwa, ikauchora ukuta mrefu ukiwa karibu na mfupi ukiwa mbali. Kuta zote zilikuwa na kimo kimoja, wala hapakuwa na ngazi. Katika Doom sakafu zilipanda na kushuka, mwanga ukapungua na kuongezeka, ingawa chumba hakikuweza kukaa juu ya chumba kingine. Hilo liliwezekana katika Quake, mwaka 1996. Tunayataja haya kwa sababu hesabu yote inaanzia mahali pamoja, yaani pale macho yalipo. Mashine haijui nafsi. Inajua nukta ya kutazamia.

Kuna na jambo jingine ambalo wapenzi wa michezo hiyo wanalikumbuka vema. Chini ya kioo, katika Wolfenstein 3D na katika Doom, palichorwa uso wa mhusika, ukichubuka na kuvuja damu kadiri anavyojeruhiwa. Mchezaji aliona kwa macho ya mtu, na papo hapo akamwona mtu huyo usoni. Je, huyo ni nafsi ya kwanza au ya tatu? Sarufi haina jibu, kwa kuwa swali si la sarufi.

Doom ilienea upesi mno, kwa kuwa sehemu yake ya kwanza ilitolewa bure na watu waliruhusiwa kuinakili. Ikafuatwa na michezo mingi iliyoiga, na kwa miaka kadhaa waandishi wa Marekani waliiita yote "nakala za Doom". Jina la nafsi ya kwanza lilishika mizizi mwishoni mwa miaka ya 1990 tu, wakati michezo mipya ilipokuwa imetofautiana na Doom kiasi kwamba kuiita nakala yake lilikuwa tusi. Waama, jina lile la kwanza lilikuwa baya na la pili lilikuwa afadhali. Lakini afadhali si sawa na kufaa, na hatuoni kwa nini Kiswahili kirithi njia ya mkato ya watu wengine.

Hoja yetu kubwa inatokana na Half-Life, mchezo wa kampuni ya Valve uliotoka mwaka 1998. Humo hadithi nzima, tangu treni inapomwingiza mhusika kazini hadi mwisho, huonekana kwa macho ya mwanasayansi Gordon Freeman, bila kuhamia kwa mtu mwingine. Kwa kipimo cha Waingereza huu ni mfano kamili wa nafsi ya kwanza. Lakini Gordon Freeman hasemi hata neno moja. Katika fasihi yetu nafsi ya kwanza ni msimulizi: katika Kichwamaji cha Kezilahabi (1974), Kazimoto ndiye anayetusimulia, na bila sauti yake hatuna riwaya. Kumwita bubu nafsi ya kwanza ni kulitia neno la fasihi mahali ambapo haliwezi kufanya kazi, na mwanafunzi atakayekutana nalo darasani asubuhi na kwenye simu jioni atachanganyikiwa bila kosa lake.

Kiswahili kina kiambishi cha mahali ambacho lugha nyingi zingekitamani. Tukisema machoni, begani, angani, tumekwisha kueleza jicho limewekwa wapi. Tunapendekeza, basi, tawi tunalolijadili liitwe mchezo wa shabaha wa machoni. Ule ambao mchezaji humwona mhusika wake kwa nyuma, kana kwamba anamfuata, uwe wa begani; na ule unaotazama uwanja kutoka juu uwe wa angani. Faida yake inaonekana mara moja katika michezo ya simu. PUBG Mobile, uliotoka mwaka 2018, humruhusu mchezaji kuchagua kuona kwa macho ya mhusika au kutoka nyuma yake. Hapo jina halihusu tena aina ya mchezo, linahusu kitufe. Na mfasiri mwenye nafasi ya sentimita mbili za kioo ataweza kuandika Machoni au Begani, lakini hataweza kuandika "ufyatuaji wa nafsi ya kwanza".

Kuhusu neno shabaha tunatarajia upinzani, nao una haki. Shabaha ni neno safi, la uwanja wa mazoezi na la Olimpiki. Yamkini litaificha damu. Wajerumani wameyapitia haya. Wao wana jina lililounganisha neno la Kilatini la "mimi" na neno la Kiingereza la mfyatuaji, ambalo hutumiwa na wachezaji. Na wana jina jingine, "michezo ya wauaji", lililotumiwa na wanasiasa waliotaka ipigwe marufuku, hasa baada ya mauaji ya shuleni Erfurt mwaka 2002. Jina hilo la pili lilikuwa hukumu iliyotolewa kabla ya kesi. Anayelitamka amekwisha kushinda mjadala, na kwa sababu hiyo mjadala haukuweza kufanyika vizuri. Zaidi ya hayo, lingekosea katika Portal, mchezo wa mwaka 2007, ambamo mchezaji ameshika bunduki karibu muda wote na anacholenga ni kuta, ili afungue milango ya kupitia. Shabaha inafaa huo na inafaa Doom. Kiasi cha damu kitajwe palipo mahali pake, katika ilani ya umri juu ya kasha, tena kwa Kiswahili kisichopindapinda: una mauaji, una damu, si wa watoto.

Yapo maneno madogo yaliyosalia. Pambano la wachezaji wenyewe kwa wenyewe, ambalo John Romero wa id Software alilipa kwa Kiingereza jina la mechi ya kifo, limekwisha kupata jina lake kwetu bila kamati yoyote kukaa: ni pambano la kufa na kupona. Na kweli, humo watu hufa na kupona, mara ishirini kwa saa. Kuhusu tendo lenyewe la kurudi baada ya kufa, liko pendekezo la kutumia kufufuka. Hatuliungi mkono. Ufufuo ni neno zito kwa Waislamu na kwa Wakristo, na halistahili kuwekwa kwenye kitufe cha kubonyezwa kila dakika tatu. Kurudi mchezoni kunatosha, na mchezaji wa mpira aliyekuwa ametoka kutibiwa mguu amekuwa akifanya hivyo siku zote.