Hesabu ya Injini Inayonguruma

Kibanda nilimojifunzia ufundi wa redio kilikuwa Bondeni, Nakuru. Juu ya meza ilining'inia balbu ya wati 100, zile za zamani zenye uzi ndani, na kazi yake haikuwa kuangazia. Amplifaya ikiletwa imekufa, fundi hakuichomeka ukutani moja kwa moja. Aliiunga kwa mfuatano na ile balbu, umeme ulazimike kupita kwa vyote viwili. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna shoti ndani ya chombo. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, mwenye mali aambiwe arudi jioni. Na shoti iwe kubwa vipi, balbu ya wati 100 kwenye volti 240, ikishapata moto, haipitishi zaidi ya ampea 0.4 hivi. Hakuna cheche wala moshi, na fyuzi haikatiki. Sijaona chombo cha bei ndogo kilichookoa vitu vingi kama kile.

Mwanagenzi huanza na kosa moja, nami nilianza nalo: kudhani kwamba mkondo hupungua njiani, rezista ya kwanza ikila sehemu yake na ya pili ikipata mabaki. Labda tulizoea Mto Njoro, unaoshuka kutoka Mau, kila shamba likichota, hata ukikaribia ziwa umekonda. Umeme wa mfuatano hauchotwi. Ampea zinazoingia rezista ya kwanza ndizo zinazotoka ya mwisho, bila kupungua hata chembe. Kinachopotea njiani ni kimo, jinsi maji ya Mau yanavyopoteza kimo mpaka yafike ziwani. Kimo hicho ndicho volti. Unga rezista za omu 100, 200 na 300 kwenye betri ya volti 12: zote tatu zitapitisha miliampea 20, lakini ya kwanza itashusha volti 2, ya pili 4, ya tatu 6. Mwenye ukinzani mkubwa hubeba mzigo mkubwa, na mizigo ikijumlishwa hurudi kuwa 12 kamili. Georg Ohm aliichapisha kanuni hii Ujerumani mwaka 1827. Mimi niliiamini siku nilipoipima kwa testa, nikagusa kila rezista, nikajumlisha.

Lakini kanuni peke yake haimfanyi mtu fundi. Hilo nilifundishwa na matatu ya njia ya Njoro.

Dereva alitaka taa nyeupe za LED chini ya viti. Nikaunga tatu kwa mfuatano. Kila moja hula kama volti 3, jumla 9. Betri ni 12, zinabaki 3. Nilitaka miliampea 20, kwa hiyo rezista ya omu 150, mistari yake ya rangi ikiwa kahawia, kijani, kahawia. Hesabu safi. Baada ya siku chache matatu ikarudi, taa zimekufa.

Fundi hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana, ulipima gari likiwa limelala." Akamwomba dereva awashe injini, akanipa testa. Ilisoma 14.4. Alteneta ilikuwa ikichaji betri, na zile volti za ziada hazikuwa na mahali pa kwenda ila kwenye rezista yangu: badala ya 3 zikawa 5.4, na mkondo ukapanda hadi karibu miliampea 36. Taa zilizofaa 20 zingeishi vipi?

Akachagua omu 270: nyekundu, zambarau, kahawia. Injini ikiunguruma, taa zinapata 20 zao. Ikizimwa zinapata kama 11, zinafifia kidogo, na hakuna abiria atakayelalamika. Kisha akapiga hesabu ninayoiheshimu kuliko zote, ya joto. Volti 5.4 mara ampea 0.02 ni kama wati 0.11, na rezista ndogo ya robo wati inabeba zaidi ya mara mbili ya hizo. Hiyo ndiyo nafasi aliyoipenda. Rezista inayofanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake, alisema, hubabua waya wa jirani kabla haijafa yenyewe, na chini ya kiti cha matatu kuna zulia.

Akalehemu, akafunika viungo kwa plastiki. Dereva akawasha injini. Taa zikawaka nyeupe, tulivu, makanga akapiga mluzi. Fundi hakuzitazama. Alikuwa bado ameinama chini ya kiti, kidole kimetulia juu ya rezista, akingoja kuona kama itapata moto.